UZI: Bethlehem ya Wamoravian (Pennsylvania, 1741): nyumba, maji, makaburi na namna ya kuvitunza

MwashiMkongwe (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Julai 2024 kikao cha UNESCO kilichokaa New Delhi kiliingiza Bethlehem ya Pennsylvania kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na Herrnhut ya Ujerumani na Gracehill ya Ireland Kaskazini. Christiansfeld ya Denmark ilikuwa imeshaingia peke yake tangu 2015, kwa hiyo sasa miji hii minne inahesabika kuwa urithi mmoja: Makazi ya Kanisa la Moravian. Upande wa Bethlehem zimo nyumba tisa, magofu manne na makaburi. Wamoravian wengi kuliko wa nchi yoyote duniani wako Tanzania, ila ukitaja Bethlehem hapa kwetu kila mtu anawaza ile ya Uyahudi tu. Basi tuijadili hii nyingine, na tuijadili kifundi.

Msimamo wangu nauweka mapema, wabishi mjipange. Chenye thamani pale si jengo hili wala lile. Makanisa ya mawe mazuri kuliko yale yamejaa Ulaya. Thamani iko kwenye mpango: nyumba zilipangwa kufuata namna watu walivyogawanywa, maji yakapelekwa kufuata nyumba, karakana zikafuata maji, na makaburi yakafuata mgawanyo uleule. Ukibomoa kimoja, vilivyobaki vinakosa maelezo.

Historia kwa kifupi. Kundi la kwanza la Wamoravian lilifika Georgia, Marekani ya leo, mwaka 1735. Wakakataa kubeba silaha dhidi ya Wahispania, na kufikia 1740 walikuwa wamehamia Pennsylvania. Mwaka 1741 walinunua ekari 500 pale kijito cha Monocacy kinapoingia mto Lehigh. Kibanda chao cha kwanza cha magogo kilikuwa futi 20 kwa 40, yaani kama mita 6 kwa 12, watu upande mmoja na mifugo upande wa pili. Mkesha wa Krismasi mwaka huohuo, Count Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian kutoka Ujerumani, akiwa mgeni wao, mji ukapewa jina. Kibanda kile kilibomolewa 1823, lakini nyumba kubwa ya magogo iliyoanza kujengwa 1741, Gemeinhaus (nyumba ya jumuiya), ingali imesimama.

Na tusiruke hili: ardhi ile ilikuwa ya Walenape, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Walinyang'anywa kwa ujanja wa 1737, pale watawala wa koloni waliposema mpaka utaishia mtu atakapofika kwa kutembea siku moja na nusu, halafu wakakodi wakimbiaji na kuwasafishia njia. Wamoravian walinunua kwa hati halali ya kikoloni kitu ambacho asili yake ilikuwa hila.

Kuanzia 1742 hadi 1762 mji uliendeshwa kwa uchumi wa pamoja. Hakuna mshahara. Unafanya kazi, unapewa chakula, mavazi, malazi, na watoto wako wanalelewa na jumuiya. Wengi hudhani watu walinyang'anywa mali zao; hapana, aliyekuja na fedha zake ilibaki yake. Kilichokuwa cha pamoja ni nguvu kazi. Lengo lilikuwa wazi: nusu ya watu walime na kufua vyuma ili nusu nyingine itembee kuhubiri.

---

BintiSikonge

Mkuu, asante. Fafanua huo mgawanyo wa watu, maana ndio naona umeubebesha mzigo wote.

---

MwashiMkongwe

Dada, watu hawakuishi kifamilia. Waligawanywa makundi kwa umri, jinsia na hali ya ndoa: watoto wachanga, wavulana, wasichana, vijana wa kiume wasiooa, mabinti wasioolewa, wanandoa, wajane, wagane. Kila kundi lilikuwa na viongozi wake, ibada zake, na makundi makubwa yalikuwa na nyumba zao. Wanawake ulikuwa unawatambua kwa utepe wa kofia: nyekundu kwa wasichana, waridi kwa wasioolewa, buluu kwa walioolewa, nyeupe kwa wajane.

Sasa soma majengo kwa jicho hilo. Nyumba ya mawe ya 1744 ilijengewa vijana wa kiume. Walipozidi wakajengewa kubwa zaidi mwaka 1748, na ile ya kwanza wakahamia mabinti, ikaongezwa sehemu 1752 na 1773. Jengo la kengele ni la 1746. Kanisa la zamani ni la 1751. Nyumba ya wajane ni ya 1768, ng'ambo ya barabara. Kwa ramani tu unajua nani alikuwa wengi na lini. Kufikia 1748 vijana wa kiume wamezidi nyumba yao ya kwanza, na nyumba ya wajane inakuja miaka 20 baadaye, waanzilishi walipoanza kufa. Takwimu za sensa zimeandikwa kwa mawe pale.

Nyumba ya 1748 ndiyo iliyogeuzwa hospitali ya jeshi la George Washington, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, mara mbili kati ya Desemba 1776 na 1778. Zaidi ya askari 500 walifia humo. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Moravian na wanafunzi wanaitumia.

---

Fundi_Pampu

Hapa mnapita haraka mno kwenye kitu kikubwa kuliko vyote: maji.

Mji uko mlimani, chemchemi iko bondeni karibu na Monocacy. Mwanzoni maji yalibebwa kwa ndoo. Hans Christopher Christensen, fundi wa vinu mzaliwa wa Denmark, alitengeneza mtambo wa majaribio mwaka 1754, na 1755 maji yakapanda. Pampu ya kwanza ilichongwa kwa mti mgumu sana wa Karibi, mabomba yakawa magogo yaliyotobolewa. Mwaka 1762 akajenga mtambo mkubwa ndani ya nyumba ya mawe ya futi 24 kila upande, na ndiyo hiyo ipo hadi leo. Mtambo ulifanya kazi mpaka 1832.

Vipimo vyake: gurudumu la maji la kupigwa kwa chini, kipenyo futi 18 (mita 5.5), upana wa ndani wa masanduku futi 2, na kimo cha maji yanayolisukuma futi 2 tu. Pampu tatu za chuma cha kusubu, kipenyo inchi 4, mwendo wa pistoni inchi 18, zinazosukuma upande mmoja. Zinaendeshwa na krenki yenye viwiko vitatu.

Piga hesabu. Inchi 4 kwa inchi 18 ni takriban lita 3.7 kwa msukumo mmoja. Mara tatu ni lita 11 kwa kila mzunguko wa krenki, kama hakuna kuvuja. Gia ya kwenye ekseli ya gurudumu ina vijiti 33, inashika gia ya meno 52 kwenye krenki. Kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja, krenki inazunguka kama 0.63, unapata lita 7. Unapoteza mwendo, unapata nguvu, na nguvu ndiyo iliyohitajika maana kimo cha maji cha futi 2 ni kidogo sana.

Tazama pia namba zenyewe, 33 na 52. Hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Maana yake jino moja halirudii kukutana na kijiti kilekile mpaka yote mengine yamepita, na ulaji unasambaa sawasawa. Ukitumia 26 na 52, jino lenye kasoro litakula kijiti kimoja kilekile hadi kivunjike. Mafundi wa vinu walilijua hilo bila kompyuta.

Kwa nini pampu tatu badala ya moja kubwa? Pampu ya kusukuma upande mmoja inapiga, inapumzika, inapiga. Bomba la mti halipendi mapigo hayo. Linapasuka kufuata nyuzi za mti. Tatu zikipishana theluthi ya mzunguko, mtiririko unakuwa laini. Na bado shinikizo lilikuwa kubwa: mtambo ulipangwa kupandisha futi 70, baadaye ukafikishwa futi 114, sawa na mita 35, karibu bar 3.4 (kipimo cha shinikizo) pale chini. Ndiyo maana kipande cha chini cha bomba kilikuwa mti mgumu usiopasuka kirahisi, na cha juu msonobari wa kawaida. Mwaka 1786 wakaweka risasi, 1813 wakaweka chuma.

Juu kulikuwa na mnara wa tangi. Kutoka hapo maji yalishuka yenyewe kwenda kwenye visima vya kuhifadhia karibu na majiko na nyumba za makundi.

---

MwashiMkongwe

Mkuu umemaliza. Niongeze moja: bomba la mti halikuoza kwa sababu ya maji, lilioza kwa kuachwa likauke halafu lilowe tena. Lililojaa maji muda wote na kufukiwa kina ambacho baridi ya kugandisha haifiki linadumu miongo. Linalofeli kwanza ni kiungo, pale ncha iliyochongwa kama peni inapoingia kwenye gogo jingine.

---

Kijana_wa_Tukuyu

Swali la mshamba: hiyo nyumba ya magogo ya 1741 imewezaje kukaa miaka 280 na zaidi? Nyumba za mbao kwetu mchwa wanaimaliza kabla hujamaliza kulipa mkopo.

---

Seremala_Bara

Si swali la mshamba. Baridi inasaidia upande wa mchwa, ila nyumba ya magogo kule inauawa na maji, na maji yanaingilia sehemu zilezile kila mara.

Ya kwanza ni gogo la chini kabisa, linalokaa juu ya msingi. Mvua ikitoka kwenye paa inapiga ardhi, inaruka, inalowesha gogo hilo kila siku. Pili ni pembe, magogo yanapopandana. Maji yanalala kwenye kichanio. Tatu ni chini ya madirisha. Mahali pengine gogo linaweza kukaa karne tatu bila shida.

Mtihani ni rahisi. Chukua bisibisi nyembamba, sukuma kwa mkono tu. Likiingia chini ya sentimita moja, gogo zima. Likizama sentimita tatu au nne, toboa kwa kekee nyembamba uone kama kiini kimekufa. Gogo mara nyingi huoza kutokea ndani kwenda nje, uso ukabaki mzuri, kwa hiyo gonga na nyundo usikilize: zima linaita, bovu linanyamaza.

Ukarabati: usitoe gogo zima. Kata sehemu iliyooza, chonga kiungo cha mlazo kisichopungua mara mbili na nusu ya unene wa gogo, tia kipande cha mti wa aina ileile, kikavu, nyuzi zielekee upande mmoja na za zamani. Ukitia mti mbichi utajikunja na kufungua kiungo ndani ya mwaka mmoja. Gundi za kisasa za resini zinafaa kwa kipande kidogo cha ndani. Ukizimwaga kwenye gogo linalolowa, zinafungia maji ndani na kuoza kunaendelea nyuma yake usikokuona.

Gemeinhaus ilipigwa mbao za nje karne ya 19, ukiiangalia hudhani ni magogo. Kuna wanaotamani zing'olewe ili "uhalisi" uonekane. Mimi nasema ziachwe. Zile mbao ni koti la mvua, zimelinda magogo zaidi ya miaka 150, na zenyewe sasa ni historia. Ukizing'oa utapata picha nzuri, na baada ya miaka 20 utapata pembe zilizooza.

Kuna nyumba nyingine ndogo ya kuiangalia: ile ya 1758 iliyotoka Nain, kijiji cha Wahindi Wekundu Wakristo jirani na Bethlehem. Kijiji kilipovunjwa nyumba hii ilihamishwa, mwaka 1765 ikasimikwa mjini. Nyumba ya magogo unaihamisha hivi: unatia alama kila gogo kwa ukuta na tabaka lake, unaanza kufungua juu, na unaisimika upya kwa mpangilio uleule kwa sababu kila kichanio kilichongwa kwa mwenzake tu. Ukichanganya magogo mawili, ukuta hautimii timazi tena.

---

BintiSikonge

Tukubaliane "wenyeji wa Amerika" badala ya hilo jina, mkuu. Walikuwa Walenape na Wamohikani hasa.

---

Seremala_Bara

Sawa dada, narekebisha. Walenape na Wamohikani.

---

ChokaaHai

Sasa mawe. Ukiacha Gemeinhaus, nyumba kubwa za pale ni mawe ya chokaa ya palepale, na kilichoyashika ni chokaa iliyochomwa kutokana na jiwe hilohilo. Kosa kubwa linalofanyika kwenye majengo haya, kule na huku kwetu, ni kuziba viungo kwa saruji.

Ukuta wa zamani unapumua kupitia viungo. Unyevu ukipanda kutoka ardhini unatokea kwenye kiungo cha chokaa, ambacho ni laini na chenye vinyweleo kuliko jiwe. Kiungo kinakula madhara, baada ya miongo unakijaza upya, jiwe linabaki. Ukitia saruji, kiungo kinakuwa kigumu kuliko jiwe na maji hayapiti. Yanatafuta njia kupitia jiwe lenyewe. Kule Pennsylvania yanaganda majira ya baridi, yanavimba, uso wa jiwe unabanduka. Huku kwetu hakuna barafu, lakini chumvi inafanya kazi ileile: maji yanakauka nyuma ya uso, chumvi inaganda, tofali linamomonyoka unga. Ukiona ukuta ambao saruji imesimama kama mbavu na tofali limeliwa katikati, ndiyo hiyo.

Namna ya kufanya. Toa kiungo kibovu kwa patasi nyembamba na nyundo, usitumie mashine ya kukatia, maana lazima itapasua kingo za mawe. Kina kiwe angalau mara mbili ya upana wa kiungo. Ukijaza kijuujuu kitadondoka kama biskuti. Piga brashi, kisha lowesha jioni na asubuhi yake tena. Jiwe liwe na unyevu bila maji kusimama. Ukijaza kwenye jiwe kavu, jiwe linanyonya maji ya mchanganyiko na chokaa haishiki.

Chokaa itumike ya rojo, iliyozimwa na kulazwa ndani ya maji miezi mitatu au zaidi. Ya unga ya mfuko iliyokaa dukani mwaka mzima imeshaanza kugeuka jiwe ndani ya mfuko. Uwiano watu hutaja 1 kwa 3, lakini pima mchanga wako. Jaza kopo mchanga mkavu, mimina maji yaliyopimwa mpaka yafike juu tu. Kiasi cha maji kilichoingia ndicho kiasi cha chokaa unachohitaji kujaza mianya. Yakiingia theluthi, ni 1 kwa 3. Yakiingia asilimia 40, ni 1 kwa 2.5. Mchanga uwe mkali, wenye punje kubwa na ndogo. Mchanga laini wa saizi moja unapasukapasuka.

Sukuma ndani kwa tabaka la milimita 15 hadi 20. Acha mpaka kidole gumba kisiache shimo, ndipo utie jingine. Ukimaliza usilainishe kwa mwiko wa chuma, maana unapandisha utando wa chokaa juu unaofunga vinyweleo. Gonga kwa brashi ngumu. Kisha funika kwa magunia mabichi wiki nzima au zaidi. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu: wanadhani chokaa inakauka. Haikauki, inavuta hewa ya kaboni, na inaivuta ikiwa na unyevu. Ikipigwa na jua siku ya kwanza inabaki unga milele. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi usifanye kabisa.

---

Kijana_wa_Tukuyu

Je nikichanganya saruji kidogo tu ili ishike haraka?

---

ChokaaHai

Usifanye, bwana mdogo. Saruji kidogo ndani ya chokaa inatoa mchanganyiko dhaifu kuliko vyote viwili. Vinatengana wakati wa kushika. Ukitaka ishike haraka, saga tofali la kuchoma lililoiva kidogo, chekecha, tia sehemu moja kwa kumi ya mchanganyiko wote. Mbinu hiyo ni ya tangu Warumi.

---

Rafiki_wa_Makaburi

Tuende makaburini. Makaburi ya Bethlehem yalianza 1742 na yana makaburi zaidi ya 2,500. Wanayaita Shamba la Mungu. Mawe yote yamelazwa chali, yanalingana, hakuna mnara, hakuna msalaba mkubwa wa tajiri. Na hakuna safu ya familia: mtu alizikwa na kundi lake, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili. Mume na mke hawako pamoja. Walenape, Wamohikani, Waafrika na Wazungu wamelala safu moja kwa kufuatana na siku ya kufa. Tschoop, Mmohikani aliyebatizwa Johannes na kufa kwa ndui 1746, yumo humo.

Kifo kilitangazwa kwa tromboni, zilizofika mjini 1754. Zilipigwa nyimbo tatu: ya kwanza ya kutangaza msiba, ya pili ni wimbo wa kundi la marehemu, ya tatu ni kurudia ya kwanza. Aliye shambani akisikia ya katikati anajua ni mjane, kijana au mtoto aliyekufa. Wanaopenda matarumbeta ya Moravian wa Mbeya na Tabora, mizizi yake ni desturi hii ya Herrnhut.

Jiwe la kulala lina matatizo yake. Linazama, kwa sababu udongo wa kaburi unashuka na nyasi zinajenga tabaka jipya kila mwaka. Maji yanasimama juu yake na kulisha ukoga. Mashine ya nyasi inakwangua kingo. Ukitaka kuliinua, kwanza kisia uzito: marumaru ni kama kilo 2,700 kwa mita ya ujazo, hivyo jiwe la sentimita 60 kwa 45, unene 8, ni karibu kilo 58. Watu wawili, mitaimbo ya mbao, kamwe usitumie mtaimbo wa chuma moja kwa moja kwenye ukingo. Chimba kuzunguka, inua upande mmoja, tia kabari, inua wa pili. Ondoa udongo sentimita 10, jaza kokoto ndogo na mchanga, shindilia, laza jiwe likiwa na mteremko mdogo ili maji yakimbie, uso wake ukiwa juu ya ardhi kidogo tu.

Kusafisha: maji safi, brashi laini ya nyuzi za asili, basi. Jiki hapana, inaacha chumvi ndani ya jiwe. Mashine ya kuoshea magari hapana. Herufi zinaondoka na ukoga. Brashi ya waya hapana. Na usimwage saruji kuzunguka jiwe "lisizame", utalipasua.

---

Mpekuzi

Mnasifia safu moja ya Mwafrika na Mzungu bila kusema alifikaje hapo. Bethlehem ilikuwa na watumwa, na wengine hati zao zilishikwa na kanisa.

---

Rafiki_wa_Makaburi

Ni kweli, na kumbukumbu zao wenyewe zinasema. Andrew, Mwigbo aliyeuzwa akiwa mtoto, na mkewe Magdalene, aliyetokea pwani ya Guinea, waliishi na kuzikwa Bethlehem. Walioana 1762. Wasifu wao upo kwa sababu kila muumini aliandika au kuandikiwa habari za maisha yake, zikasomwa kwenye maziko. Waliketi kanisani na wengine, walilala nyumba za makundi na wengine, huku baadhi yao kisheria wakiwa mali. Yote mawili kwa pamoja.

---

Mpekuzi

Na Salem, mji mwingine wa Wamoravian huko North Carolina, haikubaki hata hapo. Kule nako kanisa lenyewe lilimiliki watumwa, na tangu 1816 likaanza kuwazika weusi mahali pao. Mwaka 1823 wakajengewa kanisa lao la magogo, na 1861 la matofali, St. Philips. Humo ndimo tangazo la uhuru liliposomwa Mei 1865. Anayetaka kuelewa urithi huu asiishie Bethlehem; aweke miji hiyo miwili pamoja aone jinsi usawa wa kaburini ulivyoweza kuondolewa kwa azimio la kikao tu.

---

MwashiMkongwe

Nakubali kabisa, na hii inaimarisha hoja ya mpango. Makaburi ya Salem yalibadilika kwa sababu mpango ulibadilika. Hata Bethlehem yenyewe uchumi wa pamoja ulikufa 1762 kwa madeni ya kanisa huko Ulaya na kwa sababu watu walitaka nyumba zao na watoto wao. Mji ukabaki wa Wamoravian pekee hadi miaka ya 1840. Kama ungefunguliwa mapema, barabara zingepanuliwa na nyumba hizi zisingekuwepo. Baadaye viwanda vya chuma vilijengwa ng'ambo ya mto, kusini, na hiyo nayo ilikuwa bahati.

---

Kijana_wa_Tukuyu

Sasa tuje nyumbani. Misheni ya Moravian ya Rungwe ilianza 1891. Kuna la kujifunza au ni hadithi za mbali?

---

Mpekuzi

La kisheria kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Misheni zote za Moravian Tanzania ni za baada ya hapo: Rungwe 1891, na Urambo walikabidhiwa na London Missionary Society mwaka 1898. Kwa hiyo hazilindwi zenyewe. Lazima waziri atangaze. Usharika unaosubiri serikali ije bila kuomba utasubiri sana, na wakati huohuo kamati ya ujenzi inaweza kubomoa bila kuvunja sheria hiyo.

---

ChokaaHai

La kifundi: majengo mengi ya misheni ya enzi za Wajerumani ni tofali za kuchoma za tanuri la kienyeji, laini, zisizolingana kuiva. Zinaumizwa na saruji kuliko hata jiwe la Bethlehem. Na Nyanda za Juu Kusini ziko kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa karibu 7.4. Ukuta wa chokaa unajinyonga kidogo na kuziba nyufa ndogo wenyewe. Ukuta wa tofali laini uliofungwa lipu ya saruji unabanduka vipande vizima.

Kabla ya kugusa lipu, shughulikia paa na maji ya mvua. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Mifereji ya paa mipana, mteremko wa ardhi kutoka ukutani angalau sentimita 5 kwa kila mita, na usijenge varanda ya zege iliyobana ukuta, maana unyevu ukikosa kutokea ardhini utapanda ukutani. Kuta nyingi "zenye maradhi" hupona kwa hayo tu, ndani ya kiangazi kimoja au viwili.

---

BintiSikonge

Na karatasi? Bethlehem tunaijua hivi kwa sababu ya shajara na wasifu.

---

Mpekuzi

Dada, vitabu vya ubatizo na vya wazee wa kanisa vitolewe stoo ya mabati kwanza. Rafu iwe sentimita 15 juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje. Toa klipu za chuma, zinaacha kutu. Usiweke selotepu, wala usipige lamineti: joto na plastiki vinaua karatasi, na hairudishiki. Kitabu kikiwa na ukungu usikifute kikiwa kibichi. Kikaushe kwenye upepo, kivulini, kisha piga brashi laini nje ya jengo ukiwa na barakoa. Kupiga picha simu inatosha: weka meza karibu na dirisha lisilopigwa jua, simu ikae kwenye kishikio sambamba na ukurasa, zima mwako, weka rula pembeni ili ukubwa ujulikane, na jina la faili lianze na mwaka na namba ya ukurasa. Nakala tatu, moja iwe nje ya jengo hilo.

Nyingi za mwanzo ziko kwa Kijerumani, kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza. Usisubiri mtafsiri ndipo upige picha. Piga sasa.

---

Kijana_wa_Tukuyu

Mwisho kwangu: nikienda kwenye kamati ya usharika kesho, niombe nini cha kwanza kisichohitaji fedha nyingi?

---

MwashiMkongwe

Omba ruhusa ya kupima. Utepe wa mita 30, uzi, timazi, daftari la mraba. Pima kila jengo, na pima pia umbali kati ya jengo na jengo, kisima kilipo, njia ya zamani ya kwenda shule, safu za makaburi na mwelekeo wake. Piga picha kila ukuta ukiwa umesimama sambamba nao. Chora mpango mzima kwenye karatasi moja kwa kipimo cha 1 kwa 500. Nyufa zitie alama ya penseli mwanzo na mwisho pamoja na tarehe, kisha urudi baada ya masika: ufa uliovuka alama unatembea, uache usiuzibe mpaka sababu ijulikane, ambao haujavuka unaweza kungoja zamu yake.